Wachoraji wa Maisha ya Kawaida (3): Mbege ya Ntiro na Matenga ya Msamvu

Msomaji atakumbuka tulimwacha David Wilkie, Mskoti wetu, akiwa kijana wa miaka 19, amelichora gulio la Pitlessie, kijiji cha jirani na kwao, mwaka 1804. Kila mtu gulioni ana sura yake. Wengine, yasemekana, aliwaiba sura wakisinzia kanisani. Leo nilikusudia kumfuata London. Lakini tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, kila nipitapo stendi ya mabasi ya Msamvu, mjini Morogoro, nawasikia wapiga debe wakilia kwamba abiria wamehamia relini, nami najiuliza: gulio letu hili nani amelichora?

Sisi si mafukara wa wachoraji. Tulikuwa na Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, aliyezaliwa 1923, akafundishwa Makerere na Bi Margaret Trowell, kisha akasoma chuo cha sanaa cha Slade, London. Trowell aliwahimiza wanafunzi wachore ya kwao, na Ntiro hakuacha hata alipokuwa Ulaya: migomba, ng'ombe, watu wakivuna kahawa. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. (Pombe hiyo ni mbege, na asiyejua mbege akaulize Moshi, asiniulize mimi.) Mwaka 1960 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York likainunua picha hiyo. Baada ya uhuru Ntiro akatuwakilisha Uingereza, balozi mwenye brashi! Wilkie angeshangazwa na watu wa Ntiro: nyuso hazina maelezo, wala hutaweza kusema huyu ni fulani. Unawatambua kwa wanachobeba na kwa namna wanavyokwenda pamoja. Kwangu hilo si udhaifu wa mkono. Ni fikra ya mtu aliyekulia penye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji.

Ajabu ni kwamba Wamarekani walilipia mbege yetu, na sisi ofisini tunatundika kalenda za benki.

Nafasi imekwisha, na Msamvu nimeigusa kidogo tu. Wauza korosho wanaokimbilia madirisha ya mabasi bado wapo. Malori yenye matenga ya mboga za Mgeta bado yanapita hapo kuelekea Dar es Salaam. Kijana wa Morogoro mwenye rangi, damkia stendi wiki hii, kabla hujaanza kuhadithiwa ilivyokuwa.