KICHWA KISICHONGOJA KESHO

Ndugu Wanachama,

Mtu akishinda juani mikarafuuni, kichwa kikamuuma, hunywa maji, hupakwa mafuta ya karafuu kipajini, akalala. Asubuhi huamka mzima. Hayo hayana ubaya. Lakini kuna kichwa kingine: huanza ghafla, kwa nguvu asiyopata kuiona, na macho yakaingia ukungu. Hicho si cha mafuta.

Mdomo ukienda upande, mkono ukalegea, au maneno yakamkwama, huenda ni kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, katika hospitali kubwa zilizo nayo, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu; basi andikeni saa maradhi yalipoanza. Msimpe aspirini, maana huenda mshipa umepasuka. Wala msimlishe, asije akapaliwa.

Jicho likiwa jekundu na kuuma, na taa akaiona imezungukwa na duara za rangi, huenda ni presha ya jicho, nayo hupofusha.

Mwanamke mwenye mimba iliyopita wiki 20, au aliyejifungua karibuni, akipatwa na hayo, huenda kifafa cha mimba ki mlangoni. Apimwe presha, ikifika 160 kwa 110 ni hatari kubwa. Sindano ya magnesiamu humkinga.

Wenzetu walioko Kiswere wampeleke mgonjwa Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, au ya Sokoine, Lindi, usiku ule ule. Deni la nauli hulipika, roho hailipiki.

Wabillahi tawfiq,
Katibu