Pemba na Kilindi Chake

Watu wengi, wakiitazama ramani ya Afrika ya Mashariki, huvidhania visiwa vya Unguja na Pemba kuwa ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa vimelala jirani, vimetawaliwa pamoja kwa karne kadhaa, na watu wake ni wa lugha moja na dini moja. Kwa asili ya ardhi, walakini, havina udugu wa namna hiyo hata kidogo. Unguja ni kipande cha bara kilichozungukwa na maji: bahari iliyo baina yake na mrima haina kina kikubwa, na katika zama za barafu, maji ya dunia yalipokuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko yalivyo sasa, mnyama angaliweza kuivuka kwa miguu yake. Ama Pemba, iliyo mbali na pwani ya Tanga kwa kiasi cha kilomita 50 tu, imetengwa na mkondo ambao kina chake hufika kama mita 800, na kilindi hicho hakikukauka wakati wowote wa zama hizo.

Ndiyo sababu Unguja ilikuwa na chui wake tangu kale, hali Pemba haikupata kuwa naye, na ndiyo sababu viumbe wachache waliojaaliwa kufika Pemba kwa mbawa walikaa faraghani muda mrefu mno hata wakageuka kuwa wa namna yao wenyewe. Yuko njiwa wa kijani aitwaye ninga, yuko bundi mdogo wa msitu wa Ngezi kule kaskazini, na yuko popo mkubwa, mla matunda, mwenye manyoya mekundu shingoni, ambaye jamaa zake wa karibu hawapatikani bara bali katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Popo huyu aliwindwa kwa kuliwa hata akakaribia kutoweka; na si serikali peke yake iliyomwokoa, bali wanakijiji wenyewe, kama wale wa Kidike, walioamua kuyalinda makao yake.

Umbo la kisiwa ni refu na jembamba, kiasi cha kilomita 67 kutoka Ras Kigomasha hata ncha ya kusini, na upana wake hauzidi sana kilomita 20. Vilima vyake havina urefu wa kujivunia, lakini ni vingi na vimesongamana, na baina ya kila viwili pana bonde lenye maji ambamo mpunga hulimwa. Upande wa magharibi bahari imeingia ndani kwa khori na ghuba zilizofunikwa na mikoko, hata mji wa Chake Chake, ulio katikati ya kisiwa, bahari huufikia kwa mkono wake mmoja. Mashariki mambo ni mengine: huko ni maweni, udongo haba juu ya jiwe la matumbawe, na mkulima hutafuta pa kuchomeka mhogo wake baina ya mwamba na mwamba.

Mkarafuu hupenda udongo wenye kina, mvua nyingi na mteremko usiotuamisha maji, na magharibi ya Pemba ina yote matatu. Mvua yake kwa mwaka hukaribia milimita 1,900, masika ikiwa ndiyo kubwa na vuli ikifuata. Hata hivyo, karafuu zilistawi Unguja kwanza, mpaka tufani ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu ya huko na kuipitia Pemba kwa huruma zaidi. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imekuwa ikitoka Pemba. Isisahauliwe kwamba mashamba hayo yalipandwa kwa jasho la watumwa, na kwamba hali ya kisheria ya utumwa haikufutwa ila mwaka 1897. Siku hizi, msimu ukifika, vikonyo huchambuliwa usiku barazani, na mchana kila uwanja mkavu hutandikwa majamvi ya kuanikia, nayo harufu humtangulia mgeni kabla hajashuka garini.

Kilindi kile kile kilichowatenga wanyama kimewapa wavuvi riziki yao, maana nguru na jodari, samaki wa maji makuu, hupita karibu na nchi kavu. Mabingwa wa kazi hii ni watu wa Kojani, kisiwa kidogo cha mashariki ambako nyumba zimebanana hata njia ni ya kupishana kwa mabega, na wanaume wake hwenda dago miezi kwa miezi katika pwani za mbali.

Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta Pemba watu zaidi ya 540,000 juu ya eneo lisilofika kilomita 1,000 za mraba, na wengi wao si watu wa mjini. Wete, Chake Chake na Mkoani ni miji ya kadiri. Umma umetawanyika migongoni mwa vilima, nyumba hapa na nyumba pale, kila moja na migomba yake. Mashamba ya eka tatu tatu yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 sasa yana warithi wengi, na katika baadhi ya mabonde ya mwambao maji ya chumvi yamekwisha kuingia mashamba ya mpunga, kwa hiyo wenyeji wa huko huvuka kwenda Tanga au Unguja kutafuta kazi, na mchele huununua dukani.