Jirani Akiwa Mirambo

Basi la kutoka Kahama kwenda Bukoba hupita Runzewe, wilayani Bukombe. Malori ya Rwanda yameegeshwa kando ya lami, wachimbaji wadogo wanabishania bei ya dhahabu, mama ntilie anapakua ugali. Miaka 150 iliyopita, jina hilo la Runzewe lilitosha kumfanya Msumbwa abebe watoto akimbilie porini. Hapo ndipo walipoweka makazi Watuta.

Watuta walikuwa tawi la Wangoni wa Zwangendaba, waliokimbia vita vya kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835. Zwangendaba alipofia Ufipa, watu wake waligawanyika, na kundi moja likapanda kaskazini likipora ng'ombe na kuteka vijana. Kisha, kusini ya Runzewe, akainuka Mirambo wa Urambo na rugaruga wake, vijana wenye bunduki waliofanya vita kuwa kazi yao. Kwa miaka mingi Mirambo na Watuta walishirikiana. Watemi wa Usumbwa, Kahama na Shinyanga, wengi wao wenye vijiji vichache tu, walikuwa katikati.

Mtu mdogo namna hiyo afanye nini?

Kwanza, alipanda minyaa. Mmea huu hauhitaji mvua nyingi wala mbolea: unakata tawi, unalichomeka ardhini, linashika. Ukipandwa kwa kubanana, baada ya miaka michache huwa ukuta wa kijani usiopenyeka, na anayejaribu kuupenya hutokwa na machozi, kwa maana utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza na unaweza hata kupofusha. Vijiji vingi vya Wasukuma na Wanyamwezi vilizungushiwa ua wa namna hiyo au boma la miti, na ndani yake ikawamo ikulu ya mtemi. Minyaa haizuii risasi. Kazi yake ilikuwa kumchelewesha adui, na kuchelewa kulimwuma sana mtu kama Mirambo, aliyesifika kwa kutembeza jeshi usiku na mchana ili atokee asikotarajiwa.

Muda huo uliopatikana ulikuwa wa mwano. Huu ni ukelele wa hatari wa Wasukuma: anayeusikia huacha jembe, hushika upinde na kuupokeza kwa wa mbele yake, hadi bonde zima linajua. Hakuna mtemi mdogo aliyeweza kulisha jeshi la kudumu, ila kila kaya ilikuwa na mishale.

Palipokuwa hapana budi, watu walilipa. Mirambo alipenda kumwacha mtemi aliyetii, au kumsimika ndugu wa ukoo uleule, mradi pembe za ndovu na vijana wa vita viende Urambo. Vitabu vya historia havina shangwe na watemi wa aina hiyo, lakini watu wao walivuna mtama wao wenyewe. Moshoeshoe wa Basotho, aliyekabili wimbi lilelile la vita vya kusini, alikwenda mbali zaidi: inasimuliwa kwamba alipowashinda Wandebele wa Mzilikazi katika mlima wa Thaba Bosiu mwaka 1831, aliwapelekea ng'ombe wale njiani, kwa kuwa aliamini wamekuja kwa njaa. Hawakurudi tena.

Kinachosahaulika ni kwamba Mirambo mwenyewe alianza akiwa mdogo. Uyowa, alikotoka, ilikuwa nchi ndogo karibu na Tabora, mji wa wafanyabiashara Waarabu wenye bunduki na mkopo wa Zanzibar. Mwaka 1871 aliwafungia njia ya misafara iendayo Ujiji, wakamwendea kwa vita, na Henry Morton Stanley akiwa upande wao. Wakashindwa. Aprili 1876 Stanley huyohuyo alikutana na Mirambo huko Serombo. Wawili hao waliketi wakitazamana, Manwa Sera, kiongozi wa msafara wa Stanley, akawachanja kila mmoja mguu wa kulia na kuwachanganya damu, wakawa ndugu. Mirambo alikuwa akitafuta rafiki wa mbali mwenye nguvu kuliko jirani yake, na aliandikiana barua na John Kirk, konseli wa Uingereza Zanzibar. Urafiki huo uliharibika Juni 1880, Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, walipouawa na watu wa Mirambo. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884, na katika miaka michache dola yake ilivunjika vipande.

Wajerumani walipofika, kuta ziliisha kazi. Januari 1893 walilivunja boma la Mtemi Isike pale Tabora, naye akajilipua kwa baruti.

Mwano ulirudi karne moja baadaye. Vita vya Kagera vya 1978–79 viliacha silaha mitaani, wezi wa ng'ombe wakawa na bunduki, na polisi walikuwa mbali. Kati ya 1981 na 1982, kuanzia Kahama na vijiji vya jirani, watu waliunda Sungusungu: kiongozi wao walimwita ntemi, silaha zao pinde na mishale, na asiyeitika mwano alitengwa. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua.

Ila Sungusungu hawakuishia kwa wezi wa ng'ombe. Waliwaandama pia walioshukiwa uchawi, wengi wao akina bibi waliokuwa wakiishi peke yao, macho yakiwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Kwa bibi kama huyo, mwano ulipopigwa usiku majirani wote waliitika, wakaja na mishale yao hadi mlangoni pake.