UMBO LA HERUFI KATIKA TANGAZO: HERUFI NENE ZA MLAZO

Ujumbe wa tangazo haubebwi na maneno peke yake. Umbo la herufi nalo husema jambo kabla msomaji hajafika mwisho wa sentensi. Kwa hiyo, ukiulizwa kuchambua tangazo, usiishie kwenye maneno. Eleza pia kwa nini herufi zake zimechaguliwa hivyo.

Sehemu hii inahusu herufi nene, za mlazo, zisizo na vijistari. Vijistari ni vile vialama vidogo vinavyotokeza kwenye ncha za herufi katika vitabu na magazeti mengi.

Sifa na kazi zake

(i) Unene. Mistari minene hulifanya neno lionekane kutoka mbali na kuyashinda maneno yaliyo jirani nalo.

(ii) Mlazo. Herufi huinamia kulia, upande ambao jicho huelekea tunaposoma Kiswahili. Mkimbiaji naye huinamia mbele anapochomoka. Ndiyo maana mlazo huashiria mwendo na kasi.

(iii) Kukosa vijistari. Umbo hubaki sahili, hivyo hata anayepita ndani ya basi hulitambua upesi.

Usichanganye mlazo huu na italiki halisi. Italiki iliiga mwandiko wa mkono. Aldus Manutius, mchapishaji wa Venice, aliitumia kuchapa kitabu kizima mwaka 1501. Katika italiki, baadhi ya herufi, kama vile a, hubadilika umbo. Katika mlazo wa kawaida, herufi ni ileile, ila imeinamishwa.

Mfano

Fonti ya Futura ilibuniwa na Mjerumani Paul Renner na kutolewa mwaka 1927. Msanii wa Marekani, Barbara Kruger, ambaye awali alisanifu kurasa za magazeti ya mitindo, alitumia toleo lake nene la mlazo katika kazi zake za miaka ya 1980. Aliweka maneno meupe kwenye mikanda myekundu juu ya picha zisizo na rangi. Maneno yake ni machache na humwambia mtazamaji moja kwa moja: wewe. Herufi hizo huyafanya yasikike kama sauti iliyopazwa.

Mipaka yake

(i) Zikiandikwa ndogo, matundu ya herufi kama a na e huziba, na kusoma huwa kazi.

(ii) Zikijaza aya nzima, hakuna neno linalojitokeza. Wote wakipiga kelele, hasikiki mtu.

(iii) Hazifai ujumbe wa utulivu au majonzi.

Swali la mazoezi

Shule yako inaandaa tangazo la mbio za hisani na taarifa ya msiba. Je, herufi nene za mlazo zitafaa zote mbili? Eleza.

Jibu

Zitafaa kichwa cha tangazo la mbio, kwa kuwa zinaonekana kutoka mbali na kuashiria kasi. Maelezo ya siku, mahali na kiingilio yaandikwe kwa herufi za kawaida zilizosimama. Hazitafaa taarifa ya msiba, kwa sababu zingeonyesha shamrashamra mahali panapohitaji heshima, na wafiwa wangeweza kuona wamekebehiwa.

Zingatia: Katika chumba cha mtihani huna fonti. Andika kichwa cha tangazo kwa herufi kubwa na ukipigie mstari.