Uchovu wa dawa za maradhi ya akili na namna ya kukabiliana nao

Uchovu ni miongoni mwa sababu zinazowafanya wagonjwa wa akili kuacha dawa zao kimya kimya, bila ya kumwarifu daktari wala jamaa. Mgonjwa huamka saa nne asubuhi akiwa mzito, hushinda akijikokota, na nyumbani huitwa mvivu. Siku chache baada ya kuacha huweza kujihisi mchangamfu na kuamini kwamba amefanya la busara. Lakini mara nyingi maradhi hayarudi upesi hivyo. Huchukua majuma au hata miezi, na yanaporudi ni wachache wanaokumbuka vidonge vilivyoachwa.

Uchovu huo una asili yake. Klopromazini, dawa ya kwanza ya aina hii, ilitengenezwa na kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa mwaka 1950, na ilitokana na utafiti wa dawa za mzio. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris walianza kuwapa wagonjwa wa akili. Dawa za mzio huzuia histamini, kemikali ambayo, mbali na kusababisha mwasho wa ngozi, husaidia kuuweka ubongo macho. Aliyewahi kumeza Piriton anaujua usingizi wake. Klozapini, olanzapini na kwetiapini, pamoja na amitriptilini na mirtazapini zinazotibu sonona, huzuia histamini hiyo hiyo, tena kwa nguvu. Aripiprazoli kwa kawaida haimlazi mtu kwa kiasi hicho, na kwa hivyo daktari huwa na nafasi ya kuchagua.

Kwa wengi, usingizi hupungua baada ya majuma machache. Usipopungua, jambo la kwanza la kuangaliwa ni saa ya kumeza dawa. Kidonge kinachomezwa saa sita za usiku huenda bado kina nguvu asubuhi. Kikimezwa saa mbili usiku, asubuhi huweza kuwa nyepesi. Kwa wanaofanya kazi za zamu za usiku, kama walivyo wengi wanaohudumia wazee nchini Uingereza, ratiba hiyo hugeuzwa na kufuata saa zao za kulala. Huko, sheria ya usawa ya mwaka 2010 humtaka mwajiri kufanya marekebisho yanayofaa, mathalan kubadilisha zamu, kwa mfanyakazi ambaye maradhi yake ya muda mrefu yanahesabiwa kuwa ulemavu.

Mwezi wa Ramadhani huleta mtihani wake. Anayetumia dawa mara mbili kwa siku humeza moja wakati wa futari na nyingine wakati wa daku, na hiyo ya daku ndiyo inayomlaza kazini. Anayetumia lithiamu yumo katika hatari kubwa zaidi: siku za joto la Ghuba, kukaa bila ya maji mchana kutwa kunaweza kupandisha kiwango cha dawa katika damu hadi ikawa sumu. Inafaa daktari aulizwe kabla ya mwezi kuandama. Dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kutofunga.

Hata hivyo, si kila uchovu ni wa dawa. Sonona yenyewe huchosha. Lithiamu huweza kudhoofisha tezi ya thairoidi, na hilo hugunduliwa kwa kupima damu. Unene unaoletwa na olanzapini huweza kumfanya mtu akorome na kukatikiwa na pumzi usingizini, akaamka amechoka ingawa amelala saa tisa nzima.

Kahawa nyingi si dawa ya uchovu huu. Kwa anayetumia klozapini huongeza kiwango cha dawa hiyo mwilini. Mirungi ni hatari zaidi, kwani huweza kuyaamsha maradhi yenyewe.

Kinachomsaidia daktari ni daftari la majuma mawili: saa ya kumeza dawa, saa ya kulala, saa ya kuamka, na saa ambayo uchovu huzidi. Kwa maelezo hayo anaweza kupunguza kipimo pole pole, kukihamisha, au kubadilisha dawa. Lakini usingizi mzito wa ghafla, ukifuatana na mtetemeko wa mikono, kutapika au kuyumba, haungojei daftari. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.