Nuru Kama Shahidi: Kupima Kemia ya Galaksi Kibete

Makala haya yanadhamiria kufafanua jinsi wanaastronomia wanavyotambua elementi zilizomo katika galaksi kibete, ilhali hakuna chombo kilichowahi kufika huko.

Shahidi wao ni nuru. Nuru ya nyota inapotawanywa kama upinde wa mvua, mistari myeusi hujitokeza. Kila elementi ina mistari yake, mithili ya alama za vidole. Ukolezi wa mstari, ukipimwa sambamba na joto la nyota, hudhihirisha kiasi cha elementi hiyo.

Tuchukue mfano wa Reticulum II, iliyogunduliwa mwaka wa 2015. Mwaka wa 2016, watafiti waliotumia darubini ya Magellan nchini Chile walitangaza kuwa nyota 7 kati ya 9 walizozipima zilisheheni elementi nzito kama yuropiamu. Galaksi nyingi hafifu kama hiyo zina uhaba mkubwa wa elementi hizo. Hivyo basi, yamkini tukio moja adimu, kama vile mgongano wa nyota za nyutroni, liliirutubisha galaksi nzima. Dhahabu pia huundwa kwa mchakato uo huo.

Kwa hiyo, asili ya pete kidoleni huenda ikasomwa katika galaksi iliyo ndogo na hafifu mno.