RAGA: Jinsi sheria ilivyoacha kupima nia na kuanza kulinda kichwa

MCHUANO haukuwa umetimiza dakika mbili Brian O’Driscoll alipopata jeraha lililomtoa uwanjani kwa machela.

Ilikuwa Juni 25, 2005, mjini Christchurch, New Zealand. Nahodha huyo wa British & Irish Lions alikuwa amekiongoza kikosi chake katika mechi ya kwanza kati ya tatu dhidi ya All Blacks. Mpira ulikuwa umeshaondoka alipokuwa wakati Tana Umaga, nahodha wa wenyeji, na mwenzake Keven Mealamu walipomwinua miguu juu na kumwangusha. Bega lake liliteguka, na ziara yake ikaishia hapo.

Refa Joel Jutge wa Ufaransa hakumpa yeyote kadi. Afisa aliyeteuliwa kuchunguza makosa yaliyompita refa, raia wa Afrika Kusini, alitazama picha za video na kuamua kwamba Umaga na Mealamu hawakuwa na kesi ya kujibu.

La kushangaza ni kwamba katika mechi iyo hiyo, Danny Grewcock wa Lions alifikishwa mbele ya jopo la nidhamu na kupigwa marufuku ya miezi miwili kwa kumuuma Mealamu kidole. Kidole kilichoumwa kilipata haki yake, ilhali bega lililoteguka halikupata.

Anayeshangaa leo kwa nini mchezaji hutolewa uwanjani kwa kosa ambalo hata mpinzani aliyekabwa halilalamikii, hana budi kurejea tukio hilo. Miaka iliyofuata ilibadilisha swali ambalo refa na majopo ya nidhamu hujiuliza. Zamani waliuliza mkosaji alikusudia nini. Siku hizi wanauliza kwanza iwapo kitendo chake kilihatarisha kichwa au shingo ya mwenzake.

Nguvu na mipaka yake

Raga ni mchezo wa kugongana. Sheria inamruhusu mchezaji kumkabili mwenye mpira kwa nguvu zake zote na kumwangusha, mradi atumie mikono kumshika na asipande juu ya usawa wa mabega.

Kinachokatazwa kimeorodheshwa katika Sheria ya 9 ya mchezo huo. Ni mwiko kukaba shingoni au kichwani, kugonga kwa bega bila kushika, kumkaba mchezaji aliye hewani, kumkaba asiye na mpira, kumkanyaga aliye chini, kuuma, au kutia vidole machoni. Kadhalika ni kosa kumwinua mpinzani kutoka ardhini kisha kumwangusha au kumsukuma chini ili atue kwa kichwa au sehemu ya juu ya mwili.

Refa ana kadi mbili. Ya manjano humweka mchezaji nje kwa dakika 10 katika raga ya wachezaji 15. Katika raga ya wachezaji saba kila upande, ambayo mashabiki wa timu ya Kenya, Shujaa, wanaifahamu zaidi, adhabu hiyo ni dakika mbili, kwa kuwa mechi nzima huchukua dakika 14 pekee. Kadi nyekundu humaliza mechi ya mkosaji na kufungua kesi yake.

Nahodha wa miaka 23

Miaka minne baada ya tukio la Christchurch, mnamo Juni 2009, bodi iliyosimamia raga duniani, IRB, iliwatumia marefa waraka kuhusu wachezaji wanaoinuliwa na kuangushwa. Waliagizwa kuanza kwa kufikiria kadi nyekundu, kisha kushuka tu iwapo kulikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Nia ya mkosaji haikuwa na uzito tena.

Waraka huo ulipata mtihani wake mkubwa Oktoba 15, 2011, katika nusu-fainali ya Kombe la Dunia kati ya Wales na Ufaransa uwanjani Eden Park, Auckland.

Sam Warburton, nahodha wa Wales aliyekuwa na umri wa miaka 23, alimkaba Vincent Clerc katika dakika ya 18. Clerc alipaa, akageuka miguu juu, naye Warburton akamwachilia. Refa Alain Rolland wa Ireland hakusita; alichomoa kadi nyekundu.

Wales ilicheza zaidi ya saa moja ikiwa na wachezaji 14 na kushindwa kwa alama moja tu, 9-8. Kocha Warren Gatland alilalamika kwamba hatima ya mechi ilitolewa mikononi mwa wachezaji. Warburton hakuwa na sifa ya ukorofi, na wengi waliona kwamba hakukusudia kumdhuru Clerc. Jopo lilimpiga marufuku ya wiki tatu.

Hata hivyo, Warburton mwenyewe amekiri hadharani katika miaka iliyofuata kwamba uamuzi wa Rolland ulikuwa sahihi. Umaga hakuguswa na sheria mwaka wa 2005, naye Warburton alipoteza nusu-fainali mwaka wa 2011. Tofauti yao haikutokana na moyo wa mchezaji. Ni sheria iliyokuwa imeanza kusomwa kwa jicho jingine.

Kumbukumbu zilizofutika

Baada ya vita dhidi ya kuinua na kuangusha, macho yaligeukia kichwa.

Mnamo Desemba 2020, Steve Thompson, aliyekuwa katika kikosi cha Uingereza kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka wa 2003, alifichua kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu akiwa bado katika umri wa miaka ya arobaini. Alisema hakumbuki kushinda kombe hilo. Yeye, Alix Popham wa Wales na wanaraga wengine wastaafu walianzisha kesi wakidai kwamba wasimamizi wa mchezo hawakuwalinda ipasavyo dhidi ya madhara ya kugongwa kichwa mara kwa mara.

Kufikia wakati huo, World Rugby, jina ambalo IRB ilijitwalia mwaka wa 2014, ilikuwa imewapa marefa mwongozo maalum wa ukabaji wa juu mnamo 2019. Mwongozo huo ulipanuliwa mwaka wa 2021 ili kuhusisha kila aina ya mguso wa kichwa.

Refa sasa hufuata ngazi nne. Je, kichwa kiliguswa? Je, palikuwa na kosa? Je, hatari ilikuwa kubwa au ndogo? Je, kuna sababu ya kupunguza adhabu, kwa mfano mwenye mpira kuinama ghafla, au mkabaji kuonekana akijitahidi kushuka? Hatari ikiwa kubwa na sababu ya kupunguza isipokuwepo, kadi ni nyekundu.

Ili refa asilazimike kusimamisha mechi kwa muda mrefu akikodolea skrini macho, mwaka wa 2023 kuliongezwa chumba cha mapitio kilichobatizwa jina la handaki. Refa humpa mchezaji kadi ya manjano, kisha afisa aliye chumbani humo hupewa dakika nane kuamua iwapo itabaki hivyo au itageuzwa kuwa nyekundu.

Aliyeonja uchungu wa utaratibu huo zaidi ya wote ni nahodha mwingine, Sam Cane wa New Zealand. Katika fainali ya Kombe la Dunia jijini Paris, Oktoba 28, 2023, bega lake lilimgonga Jesse Kriel wa Afrika Kusini kichwani kabla ya nusu saa ya kwanza kutimia. Refa Wayne Barnes alimwonyesha kadi ya manjano, na handaki likaigeuza kuwa nyekundu. Cane akawa mchezaji wa kwanza kulishwa kadi hiyo katika fainali ya Kombe la Dunia la wanaume.

Katika kipindi cha pili nahodha wa Afrika Kusini, Siya Kolisi, naye alionyeshwa kadi ya manjano kwa kumgonga Ardie Savea kichwani, lakini yake ilibaki ya manjano. Afrika Kusini ilishinda 12-11. Mashabiki wa New Zealand hawajaacha kulinganisha matukio hayo mawili.

Mbele ya jopo

Kadi nyekundu hufuatwa na kikao cha nidhamu, kwa kawaida siku chache baada ya mechi. Jopo huru huwa na watu watatu, na mara nyingi huongozwa na mwanasheria akisaidiwa na wachezaji au marefa wa zamani. Mchezaji huja na wakili wake, video hutazamwa kutoka pembe mbalimbali, na ushahidi hutolewa kama mahakamani. Mchezaji ambaye hakupewa kadi pia anaweza kushtakiwa, iwapo afisa wa kuchunguza makosa ataona kwamba kosa lilistahili kadi nyekundu.

Jopo likishaamua kuwa kosa lilifikia kiwango hicho, huchagua mahali pa kuanzia adhabu: chini, kati au juu. Kwa ukabaji hatari, viwango hivyo ni wiki mbili, sita au 10. Kosa lililogusa kichwa au shingo haliwezi kuwekwa chini ya kiwango cha kati. Kwa kuuma, viwango ni wiki 12, 18 au 24, na adhabu inaweza kufika hadi wiki 208, yaani miaka minne.

Kisha jopo humtazama mtu mwenyewe. Akikiri kosa, akionyesha majuto, akiwa na rekodi safi na mwenendo mwema mbele ya jopo, adhabu yaweza kupunguzwa hadi nusu. Ndipo nia na tabia, zilizotolewa nje kwa mlango wa mbele, hurejea kwa mlango wa nyuma. Cane, kwa mfano, alifungiwa mechi tatu.

Mwaka wa 2021 kuliongezwa njia nyingine. Mkosaji anaweza kufidia mechi moja kwa kupitia mafunzo maalum ya kurekebisha namna yake ya kukaba. Tom Curry wa Uingereza, aliyelishwa kadi nyekundu dhidi ya Argentina mapema katika Kombe la Dunia la 2023, aliyapitia na kukosa mechi mbili tu, dhidi ya Japan na Chile.

Mizani inayoyumba

Viwango vyote hivi viliwekwa ili makosa yanayofanana yapate adhabu zinazofanana. Si mara zote hilo limetimia.

Mnamo Juni 2009, Schalk Burger wa Afrika Kusini alifungiwa wiki nane kwa kumgusa Luke Fitzgerald wa Lions sehemu ya macho mjini Pretoria, baada ya refa kumpa kadi ya manjano pekee. Miezi michache baadaye, David Attoub wa klabu ya Ufaransa ya Stade Français alifungiwa wiki 70 kwa kumtia Stephen Ferris wa Ulster kidole jichoni. Mmoja alionekana kuwa mzembe na mwingine mkatili, lakini jicho ni jicho.

Agosti 2023 kulizuka sokomoko jingine. Owen Farrell, nahodha wa Uingereza, alimgonga Taine Basham wa Wales kichwani jijini London, na handaki likageuza kadi yake kuwa nyekundu. Jopo la kwanza liliifuta kadi hiyo, likisema Basham alibadilishwa mwelekeo dakika ya mwisho na mchezaji mwingine wa Uingereza. World Rugby yenyewe ilikata rufaa na kushinda. Farrell alifungiwa mechi nne na kukosa mbili za kwanza za Kombe la Dunia.

Kisa hicho kilionyesha kwamba video moja, mbele ya wanasheria wawili, yaweza kuzaa hukumu mbili.

Upo pia ubishi kuhusu mechi yenyewe. Wapo wanaosema kwamba kosa la sekunde moja lisiiharibu fainali inayotazamwa na mamilioni. Kwa ajili yao, kumefanyiwa majaribio kadi nyekundu ya dakika 20, iliyotumika katika Mashindano ya Mataifa Sita ya 2025. Mkosaji harejei, lakini dakika 20 zikipita mwenzake huingia mahali pake. Refa bado anaweza kutoa kadi nyekundu kamili kwa kosa la makusudi na la hatari kubwa. Wasimamizi wa raga wa Ufaransa na Ireland waliipinga hatua hiyo, wakihofia kwamba kocha asiyepoteza mchezaji kwa mechi nzima hatakuwa na sababu ya kuwafundisha vijana wake kuinama.

Viwanja visivyo na kamera

Hofu hiyo inawahusu zaidi wasiocheza mbele ya kamera. Ufaransa ilishusha kimo halali cha kukaba hadi kiunoni katika raga ya wasiolipwa mnamo 2019, baada ya vifo vya wanaraga vijana mwaka uliotangulia. Uingereza na mataifa mengine yalifuata mwaka wa 2023 kwa kukataza ukabaji unaopita chini ya kifua.

Sheria inayotumika katika Kombe la Dunia ndiyo msingi wa mechi za klabu na shule humu nchini. Handaki la kumsaidia refa ndilo halipo. Anayeshika kipenga Jumamosi katika Barabara ya Ngong au uwanjani mwa shule fulani ana macho yake na wasaidizi wawili mstarini, naye hawezi kurudisha video.

Kwa hivyo World Rugby huwataka waliopo uwanjani, wawe marefa, makocha au wachezaji wenza, wamtoe mara moja yeyote wanayemshuku kuumia kichwa, bila kungoja athibitishwe. Mchezaji huyo asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisisitiza kwamba yuko sawa na hata timu yake ikiwa nyuma kwa alama moja.